Mbuzi Wasiokuwepo Uwanjani Kakuma

Mwaka wa sabini na moja Lomenen alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, na kazi yake ilikuwa kuutunza uwanja wa ndege wa Kakuma. Kuuita uwanja ni kuupa heshima kubwa. Ulikuwa ukanda wa changarawe uliofyekwa katikati ya vichaka vya miiba, mwisho wake umeishia kwenye ukingo wa laga la Tarach, mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Pembeni yalisimama mapipa saba ya mafuta yaliyopakwa chokaa, na mlingoti wa kitambaa cha kuonyesha upepo. Kitambaa chenyewe kilichanika Januari. Lomenen aliomba kingine mara tatu kupitia kwa karani wa kituo, na mara zote tatu akajibiwa kuwa kiko njiani.

Basi alifanya kazi bila kitambaa. Kila asubuhi aliokota mawe, akafagia, akafukuza punda. Ndege ilipotarajiwa aliwasha moto wa mavi ya ngamia na majani mabichi, ili rubani aone moshi unaelekea wapi. Kazi hii ilikuwa na mshahara mdogo na jua kali, na watu wa Kakuma walishangaa kwa nini hakuiacha akarudi kwa mifugo. Jibu lilikuwa kwamba alizipenda ndege. Wakati wa vita vya Waingereza na Waitaliano alikuwa kijana wa kibarua kule Lodwar, akibeba mawe ya kutengenezea uwanja, na siku ya kwanza aliyoona ndege ikishuka alisahau kula. Tangu hapo sikio lake lilikuwa angani. Mkewe, Nakal, alikuwa akimsimulia habari za nyumbani kisha akanyamaza katikati, maana alijua kutokana na jinsi shingo yake ilivyokaa kwamba hasikii tena.

"Ya injini moja," angesema Lomenen baada ya kitambo. "Ya misheni. Inaenda Lokitaung."

Na ikawa kweli.

Huko Lodwar walikuwapo wapenzi wengine wa ndege, wenye kusoma. Mkubwa wao alikuwa Barasa, karani wa ofisi za wilaya, mtu wa Bungoma, mnene, mwenye sauti nzuri. Ndugu yake aliyekuwa Nairobi alimtumia magazeti ya ndege ya zamani, naye akayasoma mpaka kurasa zikalegea. Alijua urefu wa mabawa, uzito, na mwaka ambao kila aina iliundwa. Mwenzake alikuwa Mwalimu Ngugi, aliyekaa Kanamkemer, pembeni mwa Lodwar, mtu wa maneno machache aliyemiliki kamera. Baadhi ya Jumamosi wawili hawa walipanda lori la serikali mpaka Kakuma, mwendo wa siku nzima ya vumbi, ili kutazama ndege ya mizigo ikishuka. Walikalia mapipa ya Lomenen wakaandika namba za ndege kwenye daftari. Mwanzoni alifurahi. Walimletea tumbaku, na ilikuwa nadra kwake kukutana na watu ambao hawakumwona mwendawazimu kwa sababu ya kuinua shingo. Kilichomkera kidogo ni kwamba hawakuwahi kuinama kuokota hata jiwe moja.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, mbuzi walikuwa ngozi na mifupa, na serikali na misheni wakaleta mahindi kwa ndege. Ndege ilikuwa Dakota kuukuu, tumbo pana, injini mbili. Rubani mkuu alikuwa mzungu mwenye kipara asiyependa mazungumzo. Msaidizi wake aliitwa Elijah, kijana Mwafrika, mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa hata katika vumbi la Kakuma. Huyu kila aliposhuka alimpa Lomenen mkono na kusema, "Ejok," salamu ya Kiturkana, kwa matamshi mabaya kabisa, na Lomenen akamrekebisha, na safari iliyofuata akaja akiwa amesahau tena. Walikuwa wameshazoeana hivyo.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, yapata saa nne asubuhi, Lomenen aliisikia Dakota kabla ya mtu yeyote. Uwanja alikuwa amekwisha kuupitia mara mbili. Hapakuwa na mnyama hata mmoja. Mbuzi wa karibu, wa mzee Ebei, walikuwa wamepelekwa kisimani upande wa pili wa laga tangu alfajiri. Aliwasha moto. Moshi ukaelekea machweo ya jua, na ndege ikazunguka, ikajipanga kuja kutoka upande huo, uso kwa uso na upepo, kama ilivyo desturi.

Ikiwa imeshateremsha magurudumu, upepo ukageuka. Wakazi wa Turkana wanaujua upepo huo: kimbunga cha vumbi kinachoinuka bila sababu, kikatembea kama mlevi, kikaondoka. Moshi ulisimama wima, kisha ukalala upande wa pili kabisa. Lomenen akakimbilia katikati ya uwanja akipunga shuka lake jekundu. Alipunga mpaka bega likauma. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama walimwona, maana kati yake na wao palikuwa na ukuta wa vumbi.

Dakota ilipita juu ya pipa la kwanza, la pili, la tatu, bado inaelea, upepo ukiisukuma mgongoni. Magurudumu yaligusa chini ilipokwisha kupita pipa la nne. Iliruka kidogo, ikagusa tena, breki zikalia, changarawe ikatapakaa. Haikusimama. Ilifika mwisho wa uwanja, ikatumbukia kwenye ukingo wa laga, pua ikaingia mchangani na mkia ukainuka juu. Kisha bawa moja likashika moto.

Lomenen hakukumbuka alivyofika. Nakal alifika nyuma yake na wanawake waliokuwa wakingoja mahindi, nao wakaanza kutupa mchanga motoni kwa mikono na kwa vibuyu. Rubani mkuu alikuwa amekufa kwenye kiti chake. Elijah walimtoa kupitia dirishani akiwa hai. Muuguzi wa zahanati ya misheni, Chelangat, alikuja na machela, akamfunga majeraha pale pale mchangani. Elijah alikuwa akitafuta kitu kwa macho.

"Kiatu changu," alisema. "Kiatu kimoja hakipo."

"Tutakitafuta," alisema Lomenen.

Akakitafuta kweli. Alikipata chini ya magunia yaliyopasuka, akakipangusa kwa shuka lake, akakimbia nacho zahanati. Alipofika, Chelangat alikuwa amesimama mlangoni, na Lomenen akajua kwamba Elijah amekufa.

Kwa siku mbili Lomenen hakuokota mawe. Alifanya jambo moja tu: alikata matawi ya miiba akayazungushia mistari ya magurudumu pale kwenye pipa la nne, kama azungushiavyo mtu zizi la wana-mbuzi. Askari polisi aliyewekwa kulinda mabaki alimuuliza ni ya nini.

"Watakuja watu wa Nairobi," alisema Lomenen. "Wataona hapa ndio ilishuka. Wasidanganywe na mtu."

Watu wa Nairobi walichelewa. Waliotangulia ni Barasa na Mwalimu Ngugi, siku ya Alhamisi, wakiwa juu ya lori pamoja na wenzao watano wa ofisi za Lodwar ambao ghafla nao walikuwa wapenzi wa ndege. Dereva alipitisha lori katikati ya uwanja, akakanyaga miiba na mistari yote ya upande wa kushoto. Lomenen alikimbia mbele ya lori mikono juu.

"Rudisha nyuma," alisema. "Rudisha, bwana, unaharibu."

"Tulia, mzee wangu," alisema Barasa akishuka. "Pole sana kwa msiba. Tumekuja kuchunguza."

Uchunguzi wao ulikuwa hivi. Mmoja alipanda juu ya mkia. Mwingine alitaka apigwe picha ameshika bapa la rafadha ya injini lililopinda, lakini Ngugi alisema filamu haitoshi, wakabishana. Barasa aliingia ndani, akatoka na saa moja ya kwenye dashibodi, kioo kimepasuka, akaitia mfukoni kama mtu achumaye pera. Askari alitazama kando. Kisha wote wakakaa kwenye mapipa na mabishano yakaanza. Huyu alisema injini ya kulia ilizimika. Yule akasema Dakota zote zimechakaa, zingepaswa kutupwa tangu uhuru. Wa tatu akasema marubani wamelewa, na hapo Lomenen, aliyekuwa akipanga upya miiba yake, akainuka.

"Nani amelewa?" aliuliza.

"Nimesema labda, mzee."

"Ulikunywa pamoja nao?"

Yule mtu akacheka, kisha akaona kwamba hakuna anayecheka naye.

Barasa aliinua mkono kama mwenyekiti wa baraza. Alisema amesoma habari za ajali kumi na saba katika viwanja vya porini, na zaidi ya nusu zilisababishwa na wanyama. Rubani anashuka, anaona mbuzi mbele yake, anainua ndege kuwakwepa, anagusa chini kwa kuchelewa. Ndiyo maana mistari ilianza mbali.

"Hapakuwa na mbuzi," alisema Lomenen.

"Mzee, wewe ulikuwa kwenye moshi. Huenda hukuwaona."

"Mimi nilikuwa hapa. Mbuzi walikuwa kisimani. Upepo uligeuka, karani. Uligeuka hivi." Akaonyesha kwa mkono wake wote.

"Upepo ulikuwapo, sikatai," alisema Barasa kwa upole mkubwa. "Lakini upepo peke yake hautoshi kitaalamu."

Jioni ile Lomenen alimwambia Nakal kwamba mtu akikukatalia jambo kwa ukali unaweza kugombana naye, ila huyu anakupapasa kama mtoto mwenye homa, na huku anakanyaga kila ulichokiona kwa macho yako. Nakal alimuuliza kwa nini basi alikuwa akipokea tumbaku yake. Swali hilo nalo likamkera.

Mambo hayakuishia hapo. Barasa aliandika barua kwa mhariri wa gazeti, nayo ikachapishwa: ndefu, ya Kiingereza safi, yenye jina lake chini. Ilisema kwamba wapenzi wa ndege wa Lodwar, baada ya kufika mahali pa ajali na kuchunguza, wanaamini mifugo iliyozurura uwanjani ndiyo chanzo. Haikumtaja Lomenen. Haikuwa na haja. Mtunza uwanja alikuwa mmoja tu. Wiki iliyofuata ofisi iliyokuwa ikimwajiri ilituma karatasi ya kumsimamisha kazi mpaka uchunguzi umalizike. Chifu naye akamwita mzee Ebei, akamwambia kwamba mbuzi wake wanaweza kukamatwa.

Ebei alikuja kwa Lomenen akiwa ameshika fimbo na ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana haachi nyumbani, akakiweka chini, akakikalia.

"Mbuzi wangu wameua mzungu?" aliuliza.

"Hawakuua."

"Basi kwa nini gazeti linasema?"

"Gazeti limeandikwa na mtu alikuwa Lodwar."

"Alionaje kutoka Lodwar?"

"Ndio hapo," alisema Lomenen. "Hata mimi nauliza."

Pamoja na kusimamishwa, aliendelea kuokota mawe kila asubuhi. Hakuona namna nyingine ya kukaa. Na mistari aliilinda. Ule wa kushoto ulikuwa umevurugwa na lori, lakini wa kulia ulibaki, mweusi, umeanza hatua tano baada ya pipa la nne.

Mpelelezi wa ajali alifika kwa ndege ndogo mwanzoni mwa mwezi wa nane: mzungu mrefu, mpya kutoka Uingereza, asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Aliyemfuata kutoka Lodwar kumtafsiria, kwa kuwa alijitolea na kwa kuwa Kiingereza chake kilisifiwa, ni Barasa. Waliweka meza chini ya kivuli cha bawa la ndege ile ndogo, wakamwita Lomenen. Chelangat alikuwapo pia, akingoja zamu yake ya kueleza majeraha.

Lomenen alieleza taratibu. Alieleza moshi, kimbunga, shuka jekundu, pipa la nne. Alieleza na kitambaa cha mlingoti: kwamba kingekuwa kizima, rubani angeona upepo umegeuka mara moja, kwa kuwa kitambaa kiko juu na moshi uko chini, na kwamba yeye alikiomba mara tatu, lakini pengine alipaswa kuomba mara ya nne. Hilo la mwisho lilimtoka kwa shida.

Barasa aliitikia kwa kichwa, akamgeukia mzungu, akatafsiri. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko Lomenen alivyosema. Sasa Lomenen hakujua Kiingereza, ila wakati wa vita askari wa kizungu pale Lodwar walikuwa wakinunua nyama kwa watu wake, na neno la kwanza la Kiingereza alilojifunza maishani, kabla ya salamu, lilikuwa la mbuzi. Akalisikia. Akalisikia mara ya pili.

Aliweka kiganja chake mezani.

"Karani, umesema mbuzi."

"Namfafanulia tu, mzee."

"Mimi nimesema mbuzi?"

"Hukusema, lakini lazima aelewe mazingira ya—"

"Mimi sijasema mbuzi. Wewe mdomo ni yako lakini maneno ni yangu. Toa mbuzi hapo."

Mpelelezi akauliza kuna nini. Barasa akaanza kumjibu akitabasamu, na Lomenen akasimama. Hakupaza sauti. Alimwendea Chelangat, akamwambia, "Sista, nisaidie. Kama nikisema jiwe, wewe sema jiwe. Kama nikinyamaza, nyamaza."

Chelangat alimtazama Barasa, akamtazama mpelelezi, kisha akavuta kiti. Alizungumza na mzungu maneno machache, na yule mzungu akamwomba Barasa akapumzike kivulini. Lomenen alianza upya tangu kusikia mlio wa injini. Muuguzi alitafsiri kifupi kifupi, akisimama pale aliposimama, hata lile la kuomba kitambaa mara ya nne. Mpelelezi aliandika. Kisha akainuka, akafuatana na Lomenen mpaka kwenye miiba, akapiga magoti, akapima mstari kwa utepe. Alihesabu mapipa kwa kidole. Alipofikia upande uliovurugwa aliuliza ni nani aliyepita hapo na gari. Chelangat alimtafsiria Lomenen swali, na Lomenen akaelekeza kidevu kivulini.

Mwalimu Ngugi, ambaye naye alikuwa amekuja, alisogea wakati huo akatoa bahasha mfukoni. Zilikuwa picha za siku ile ya Alhamisi. Katika moja, aliyoipiga kutoka juu ya lori kabla halijafika kwenye miiba, mistari yote miwili ilionekana wazi.

"Ningekupa mapema, mzee," alimwambia Lomenen bila kumtazama. "Zilikawia kusafishwa Nairobi."

"Na mdomo wako pia ulikuwa Nairobi?" alisema Lomenen. "Siku ile kwenye mapipa ulinyamaza."

Ngugi alikubali kwamba alinyamaza. Hakujitetea, na kwa hilo Lomenen alimpunguzia hasira nusu.

Ripoti ilichukua miezi saba. Chelangat aliisoma kwenye baraza la zahanati akimgeuzia Lomenen kwa Kiswahili: upepo uligeuka ghafla, mzigo ulikuwa mzito, ndege iligusa chini kwa kuchelewa katika uwanja mfupi, na hapakuwa na kifaa kizuri cha kuonyesha upepo. Mifugo haikuonekana kuhusika. Lomenen alimwomba asome tena hapo pa mifugo. Akasoma. Ofisi ilimrudisha kazini kwa karatasi ya mistari miwili isiyokuwa na neno la pole, na Ebei alimletea maziwa, ambayo mwaka ule hayakuwa kitu kidogo. Habari za Elijah alizisikia pia: alizikwa kwao, magharibi, na misheni ilipeleka vitu vyake, viatu vyote viwili vikiwamo.

Ungedhani neno la mbuzi lilikufa. Mwaka wa sabini na nne Lomenen alikwenda Lodwar kumwona daktari wa macho. Akingoja lori la kurudi aliingia hoteli moja kunywa chai, na kwenye meza ya kona alimkuta Barasa, mnene zaidi, akiwasimulia makarani vijana habari za Dakota ya Kakuma. Ile saa ya dashibodi ilikuwa mezani kati ya vikombe. Mbuzi sasa walikuwa kundi zima, na kulikuwa na ngamia.

Barasa alimwona, uso ukachangamka kwa furaha ya kweli. Hakuwa mtu mwenye chuki. Hilo ndilo lililochosha.

"Huyu ndiye mwenyewe," aliwaambia vijana. "Mzee Lomenen, ejok. Kaa hapa. Waeleze walikuwa mbuzi wangapi."

"Ejok-nooi," alisema Lomenen. Alikaa. Alitazama ile saa. "Karani, ripoti ulisoma?"

"Niliisoma yote. Ripoti za serikali, mzee, huwa zina mambo yasiyoandikwa."

Lomenen alifikiria kuanza tangu mwanzo: moshi, kimbunga, pipa la nne. Aliona mdomo wa Barasa umeshakaa tayari kumsaidia. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe, akaichukua saa pale mezani na kuitia ndani ya shuka lake. Hakuna aliyemzuia. Barasa alifungua mdomo, kisha kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaufunga bila kusema. Lori lilipomrudisha Kakuma, Chelangat aliifunga saa hiyo kwa karatasi na kuituma kwa jamaa za rubani mzungu, kupitia kwa misheni.

Kitambaa kipya cha mlingoti kilifika mwaka wa sabini na tano, chekundu na cheupe, kizuri, kikubwa kuliko mlingoti. Mwaka uliofuata ofisi ilileta greda kuusawazisha uwanja na kuurefusha. Dereva wake alifanya kazi siku mbili, akaondoka akijisifu, na greda lilikuwa limefukua mawe mengi kuliko yote ambayo Lomenen aliwahi kuyaona katika maisha yake ya utunzaji. Alisimama pembeni na Nakal, mikono kiunoni, akiyatazama.

"Wametengeneza," alisema Nakal.

"Wametengeneza," alisema Lomenen, akainama kuokota la kwanza.